Vilasini na dirisha la wanawake la Ambili Talkies

Saa nne kasorobo asubuhi, mvua imepungua kidogo, na mbele ya Ambili Talkies foleni ya wanawake imeshafika kwenye duka la dawa. Miavuli imebanana. Anayechelewa anasukumwa nyuma bila huruma, awe bibi wa mtu au mke wa daktari.

Ndani ya kibanda cha tiketi, ambacho upana wake ni mtu mmoja na nusu, Vilasini anapanga vitu vyake mezani: rula ya chuma ya kuchania tiketi, sponji yenye maji ya kulowanisha vidole, na kopo la chenji. Anagusa picha ndogo ya mungu Ganapathi iliyobandikwa ukutani, kisha anagusa paji la uso wake. Anavuta komeo.

"Mmoja mmoja, akina mama. Viti havikimbii."

"Havikimbii, dada, lakini feni inayozunguka ni moja tu," anajibu wa kwanza, "na mimi nataka kukaa chini yake."

Leo filamu ya *Chai ya Saa Kumi na Moja* inatimiza siku ya hamsini katika mji huu mdogo wa Mannoorkadavu, kaskazini mwa jimbo la Kerala, India. Ni siku hamsini katika ukumbi mmoja wenye pazia moja, kwa filamu ambayo kuna watu waliapa kwamba haitamaliza hata siku moja.

"Kila nikifungua hili dirisha naanza na kushukuru," anasema Vilasini huku mikono yake ikiendelea kuchana. "Namshukuru Mungu, namshukuru Haji, nawashukuru hawa unaowaona wanasukumana. Mwezi wa sita nilikuwa nimeshabeba sponji yangu kwenda nayo nyumbani."

Vilasini ana miaka hamsini na saba, na kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Mshahara wake ni rupia elfu kumi na mbili kwa mwezi, ambazo zinanunua mchele, dawa ya shinikizo la damu na nusu ya ada ya binti yake anayesomea uuguzi. Nusu nyingine inatoka kwa ng'ombe mmoja anayekamuliwa lita nne kwa siku. Mumewe, Balan, alifariki miaka sita iliyopita.

Miaka saba nyuma watu walianza kukata tiketi kwa simu, na dirisha lake likawa la wazee na la wale ambao simu zao zimeisha chaji. Kuna siku aliuza tiketi ishirini tu. Mwenye ukumbi, Kunjahammed Haji, mzee wa miaka sabini na minne aliyeurithi kwa baba yake, angeweza kumwachisha kazi wakati wowote. Hakumwachisha.

"Ningemwachisha, nani angenigombeza nikichelewa kufungua?" anasema Haji.

Lakini Haji naye alikuwa amechoka. Mkandarasi mmoja alitaka kuubomoa ukumbi na kujenga jumba la harusi. Karatasi zilikuwa tayari, zimebaki kutiwa saini. Haji akamwambia Vilasini waziwazi: filamu hii ndiyo ya mwisho kujaribu. Ikijaa, Ambili inabaki. Isipojaa, Jumatatu anasaini.

Filamu yenyewe ina kisa chepesi kukisimulia. Kijana anauawa kwa panga kwenye kibanda cha chai, saa kumi na moja jioni, mbele ya watu kumi na wanne. Polisi wanapokuja, wote kumi na wanne hawakuona kitu. Basi. Zinazofuata ni saa mbili za kuwatazama watu hao wakizeeka.

Mtayarishaji alisema hadharani kwamba filamu haizungumzii mji wowote wala chama chochote. Hata bendera inayoonekana kwenye kibanda imelowa mvua, rangi yake haijulikani. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Vyama viwili vikubwa vya mji huu, ambavyo havijawahi kukubaliana hata siku ya kufagia soko, kila kimoja kiliitambua bendera ile kuwa ni yake na kikakasirika.

Barua zikaja, mbili kwa wiki moja. Kisha simu, sauti tofauti na maneno yaleyale: ukionyesha filamu hiyo, ukumbi wako utawaka moto. Kumbi tatu kubwa za wilaya zikajitoa mapema. Haji akakaza roho, kwa sababu watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameshakata tiketi za siku ya kwanza na ya pili kwa simu.

Jumatano saa nane mchana, siku mbili kabla ya filamu kufunguliwa, wadukuzi wakaingia kwenye mtambo wa tiketi. Ndani ya saa moja orodha nzima ya waliolipia Ambili ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya simu ya mji: majina, namba za simu, namba za viti. Juu yake paliandikwa, "Tunajua mtakaa kiti gani."

"Nilisikia baridi," anakumbuka Vilasini. "Mtu anatisha ukumbi, hayo tumeyazoea, ukumbi ni matofali. Sasa huyu anamtisha mwalimu Sreeja, kiti F saba."

Kulikuwa na la kuchekesha pia, na mji ulicheka ingawa kwa woga. Kwenye orodha lilionekana jina la mweka hazina wa mojawapo ya vile vyama viwili. Alikuwa amekata viti vinne vya nyuma na bisi mbili. Alieleza kwamba alitaka kwenda kuichunguza filamu. Hakuna aliyemuuliza bisi zilikuwa za kuchunguzia nini.

Hadi jioni watu mia tatu na tisini walikuwa wameomba kurudishiwa pesa zao. Haji akamwita Vilasini ofisini.

"Vilasini, nenda nyumbani. Kesho usijisumbue kuja."

"Na filamu?"

"Filamu ya nani, binti yangu? Hakuna mtu. Nitajenga hilo jumba la harusi. Harusi hazina wadukuzi."

Vilasini anasema alisimama mlangoni na hakuweza kutoka. Aliumia. Miaka thelathini na mmoja iishie hivi, kwa sababu ya mtu asiye na uso aliyekaa mahali akibonyeza vitufe? Ndipo akauliza swali ambalo Haji alidhani ni la mtu aliyechanganyikiwa.

"Haji, vile vitabu vya tiketi za karatasi bado vimo kabatini?"

"Vimo, kama panya hawajavila. Unavitakia nini?"

"Tiketi yangu haina jina la mtu. Watadukua nini, sponji?"

Tiketi ya karatasi ina utaratibu wake. Haiuzwi mpaka ipigwe muhuri wa halmashauri ya mji, moja baada ya nyingine, kwa sababu ya kodi. Alhamisi saa tatu asubuhi Vilasini alifika kwenye ofisi ya halmashauri na mfuko wenye tiketi mia tisa. Karani aliutafuta muhuri kwa nusu saa. Haukuwa umeguswa kwa miaka saba na mpira wake ulikuwa umekauka.

Alipiga muhuri hadi saa sita. Mwishoni alijipangusa wino na kumwambia kwa sauti ya chini, "Dada, mke wangu atakuja. Umtafutie kiti kisicho karibu na mlango."

Vilasini aliporudi, Haji akachukua kitabu cha kwanza, akakikunjua, akaketi. Tiketi zilikuwa za zamani. Zimeandikwa bei: rupia arobaini. Bei ya siku hizi ni mia moja na kumi. Na tiketi ikishapigwa muhuri haiwezi kuuzwa zaidi ya bei iliyochapwa, hata kwa senti.

"Nilisahau kabisa kuangalia bei," anasema Vilasini.

"Miaka thelathini na mmoja hajasahau bei," anadakia Haji kutoka ofisini. "Siku hiyo moja ndiyo akasahau. Muulize vizuri, mwandishi."

Vilasini anacheka mpaka anavua miwani.

Tiketi zikapatikana. Watu je? Wazee wa Mannoorkadavu wanakumbuka vizuri jinsi Ambili ilivyokuwa. Kulikuwa na madirisha mawili, na la wanawake lilifunguliwa kwanza. Foleni ya wanaume ilikuwa ya kupigana ngumi, ya wanawake ilikwenda haraka, kwa hiyo mwanaume mwenye akili alisimama kando na kubembeleza: dada, nikatie mbili. Vilasini aliamua kwamba Ijumaa hiyo atafungua dirisha moja tu, la wanawake.

Alhamisi alasiri ni siku ya kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, kwenye ukumbi wa shule. Vilasini alikwenda akiwa bado ana wino wa muhuri kwenye sari. Akawaeleza.

"Kesho mawe yatarushwa na watoto wa nani?" aliwauliza. "Watoto wetu. Basi nataka wakija na mawe yao, watukute sisi tumesimama pale."

Wa kwanza kujibu alikuwa Narayani, mama wa miaka sitini na mbili ambaye kazi yake ni kusokota bidi, zile sigara ndogo za majani. Mwanawe, Prajeesh, ndiye kiongozi wa vijana wa chama kimoja.

"Ile barua ya kukataza filamu ameiandika Prajeesh wangu," alisema, "na karatasi kaichana kwenye daftari langu la dukani. Sasa ataniambia na mimi nisiende? Nimemzaa mimi au kanizaa yeye?"

"Wako angalau anaandika," akasema Kausalya, ambaye mwanawe Shinoj anaongoza vijana wa chama cha pili. "Wangu kapewa kazi ya mawe tu."

Wanawake hao wawili hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minne. Siku hiyo walicheka pamoja, na waliokuwapo wanasema kicheko hicho ndicho kilichoamua mambo.

Ijumaa ilikuja na mvua kubwa. Saa nne asubuhi Vilasini alipovuta komeo, rula ilimponyoka. Alitegemea wanawake thelathini. Aliona miavuli tu, hadi kona. Wengine walikuwa hawajakanyaga Ambili tangu bei ipande, na mkononi walikuwa na rupia arobaini zilizokunjwa.

Ng'ambo ya barabara walikuwa vijana kama sabini, na bendera mbili. Fundi baiskeli wa pale anasema hajawahi kuziona bendera hizo upande mmoja wa barabara maishani mwake. Chini ya bati lake palikuwa na gunia la mawe. Polisi wanane walisimama katikati, na inspekta wao aliwaomba akina mama warudi nyumbani. Wakamwambia asogee kidogo kwani anawazibia pa kujikinga mvua.

Prajeesh alivuka barabara peke yake, amekunja msuli aliovaa kiunoni hadi magotini.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Nimeshapika. Samaki wako yuko chini ya kawa."

"Unaniaibisha mbele ya watu, mama."

"Mimi nimesimama kwenye foleni na arobaini yangu mkononi," alisema Narayani, na hakupunguza sauti. "Wewe una mawe ndani ya gunia langu la mchele. Sasa nani anamwaibisha mwenzake?"

"Na ukirusha, mwanangu," akaongeza Kausalya kutoka nyuma yake, "lenga vizuri. Mimi goti langu bovu, siwezi kukwepa."

Foleni nzima ilicheka. Inspekta aligeuka akatazama upande wa duka la dawa. Prajeesh alisimama pale mvua inamnyeshea, kisha akarudi alikotoka, na baada ya muda vijana wakaanza kutawanyika wawili wawili. Mawe yalibaki. Fundi baiskeli aliyatumia kuziba dimbwi mbele ya duka lake, na anaonyesha mahali penyewe kwa kila anayeuliza.

Saa tano na nusu taa zilizimwa. Ndani walikuwa wanawake mia mbili tisini na sita katika viti mia tatu na kumi na nane. Wakati wa mapumziko walinunua ndizi za kukaanga zote na maandazi ya dengu yote. Filamu ilipokwisha, anasema Vilasini, walitoka mmoja mmoja, bila kusukumana. Narayani alisimama ngazini muda mrefu bila kufungua mwavuli wake.

"Nikamuuliza, mama Prajeesh, vipi?" anasimulia Vilasini. "Akaniambia, dada, nakwenda kuongea na mtoto."

Walichoongea hakuna ajuaye. Linalojulikana ni la Jumapili. Kabla ya onyesho la jioni, Prajeesh alisimama kando ya foleni ya wanawake, ambamo mama yake alikuwamo tena, macho chini.

"Mama, nikatie mbili."

"Mbili za nani?"

"Yangu na ya Shinoj."

"Mwambie Shinoj ana mama yake," alisema Narayani. Lakini akazikata zote mbili.

Jumatatu mkandarasi alikuja na kalamu yake. Haji alimkaribisha chai, akamwambia ukumbi umejaa mpaka Alhamisi, kisha akazungumza naye habari za mvua mpaka mgeni akaaga mwenyewe. Hajasaini hadi leo.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Wiki ya pili jiwe lilivunja kioo cha fremu ya mabango, na mrushaji hakupatikana. Wadukuzi nao hawajulikani walipo. Mwalimu Sreeja alibadilisha namba yake ya simu mara mbili. Prajeesh alivuliwa uongozi, na sasa anamsaidia mama yake kufunga bidi, kazi ambayo Narayani anasema anaifanya vibaya sana.

Hata hivyo Vilasini hataki kuzungumza juu ya ubaya. Anarudi kwenye shukrani kila mara, tena kwa majina. Alimpelekea karani wa muhuri lita moja ya maziwa. Karani akakataa akisema hiyo ni rushwa, mkewe akatokea mlangoni akayapokea. Alimkatia inspekta tiketi ya bure, naye akasisitiza kulipa. Siku ya arobaini Haji alimwongezea mshahara rupia elfu moja na mia tano, na ada ya binti sasa inalipika bila kumkamua ng'ombe kupita kiasi. Tiketi mpya za karatasi zimechapwa, safari hii kwa bei ya leo. Ameshauza zaidi ya elfu tisa.

"Watu walitishwa kwa majina yao, bado wakaja," anasema. "Mimi nina nini cha kuwalipa? Nawachania tiketi vizuri, isichanike namba. Hicho ndicho ninachoweza."

Katika filamu yote, ni sehemu gani iliyomgusa zaidi?

Vilasini analaza rula mezani. Foleni imekwisha, ndani taa zimezimwa, sauti ya mwanzo wa filamu inasikika kupitia ukutani. Anasema kwamba mkata tiketi haoni mwanzo wa filamu. Dirisha likifungwa anahesabu vishina vya tiketi, anajaza fomu ya kodi, na akiingia dakika ishirini zimepita. Kwa miaka thelathini na mmoja wanawake wamekuwa wakimsimulia alichokosa. Filamu hii amewakataza. Mauaji yako mwanzoni, kwenye dakika hizo ishirini.

"Ningeweza kumwomba Haji nafasi siku ya kwanza kabisa," anasema. "Sikuomba. Nilijipa kazi."

Kisha anasema jambo ambalo, kwa maneno yake, hajawahi kumwambia mtu wa gazeti wala jirani. Mwaka 1996 kijana mmoja aliuawa stendi ya mji huu, jioni, watu wakinywa chai. Mumewe Balan, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo ya mabasi, alikuwa mmoja wao. Polisi walipomuuliza, alisema hakuona kwa sababu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Balan alivaa ndala maisha yake yote," anasema Vilasini. "Nilijua, na sikumuuliza mpaka akafa."

Anafuta meza kwa upindo wa sari. Ijumaa ijayo, anaeleza, Narayani atakaa kwenye kibanda badala yake. Wamefanya mazoezi wiki nzima. Mwanzoni alichana tiketi kumi na tatu vibaya, sasa anaweza. Vilasini ameshajikatia tiketi yake na ameilipia, mstari wa nne, katikati.

"Nitaingia taa zikiwa zinawaka bado," anasema. "Nikae, nitazame kuanzia mwanzo. Na nisiiname."